U, U, na Kistari

Njoro, saa nane usiku. Baridi ya Mau
imeketi nami kwenye chumba cha seva,
nyuma ya matangi ya maziwa.

Skripti aliyoiacha Obiero alipohamia Kisumu
kila alfajiri hubisha mlango uleule wa kiini,
huuliza: diski zote zipo?
Kisha huandika SAWA.

Mwezi jana tuliweka kiini kipya.
Mlango ule ukazibwa kwa matofali.
Skripti ikabisha, isiitikiwe,
na kwa kuwa hakuna aliyelalamika
ikaandika SAWA.
Siku kumi na tisa, SAWA.

Kimya kingi kina mshindo, tuliambiwa;
Obiero hakukiandikia msimbo.

Leo nimepitia mlango mpya, nimesoma hali ya safu
kwa macho yangu haya yenye usingizi:
U, U, na kistari.
U hai. U hai. Na ya tatu
pengo, kama la mtoto wa darasa la kwanza.

Lita za Tabitha Chelagat, lita za Mwihaki wa Mau Narok,
kopo kwa kopo, deni la lishe, karo ya Januari,
vyote vimening'inia kwenye diski mbili zilizozeeka pamoja.

Naichomoa ya tatu. Ingali vuguvugu.
Natia mpya. Asilimia sifuri nukta nne.
Feni zinapandisha pumzi.

Narekebisha mstari mmoja tu wa Obiero:
usipojibiwa, usiseme sawa.
Sema hujui.

Nje, pikapu ya kwanza ya maziwa inapiga honi getini.
Asilimia kumi na moja.