Nafuu ya Nani

Mashine ilifika Ilagala imefungwa kwa mipira ya baiskeli:
jeki ya lori, bomba lenye matundu mia mbili na kumi,
fremu niliyoichomelea mwenyewe hosteli ilipolala.
Kwenye daftari nilikuwa nimeandika: bei nafuu.

Bi Ntakije aligonga bomba, akanusa grisi.
"Shilingi ngapi?"
Laki moja na themanini na tano.
Akanyamaza, anahesabu kwa madebe ya mawese:
la kuuza, la deni, la ada ya Yoeli.
"Nafuu," akasema. "Ya nani?"

Tukamimina chikichi zilizochemshwa, mvuke ukapanda.
Nikasukuma mpini; mafuta yakatoka mekundu,
mazito, kama nilivyokokotoa.
Ikaja zamu yake. Mtoto mgongoni, visigino juu,
vidole vikaishia shubiri moja chini ya mpini.

Nilikuwa nimepima joto, msuguano, unene wa chuma.
Mkono niliopimia ulikuwa wangu.

Usiku ule fundi Ruhuza akaniazima msumeno,
tukakata miguu ya fremu kwa mwanga wa simu.

Asubuhi Bi Ntakije hakusifu kitu.
Alikamua debe la kwanza, akatenga mise za sabuni,
akasema watanilipa kidogokidogo, wanawake wanane,
mradi niongeze kigoda,
maana Nyabenda ni mfupi kuliko wote.

Profesa amezungushia kigoda wino mwekundu kwenye mchoro.
Pembeni ameandika: hiki ni cha nini?
Sijamjibu. Ninatafuta kipimo cha Nyabenda.