Mpangaji wa Chini

Al-Ghubra. Mvua imekatika siku tisa,
kamba za nguo zimekauka hadi zinakwaruza,
na bado chini ya nyumba yangu
godoro la wageni linaelea.

Khalfani alisema ni bomba.
Nikashuka, nikachovya kidole, nikaonja.
Maji ya bomba hayana neno.
Haya yalikuwa na chumvi, ya ardhi si ya bahari:
haichomi ulimi, inaukuna tu.
Na shura imepanda ukutani, nyeupe,
imefika kwenye swichi.

Usipoziba ufa, walisema. Mimi niliziba.
Saruji, lami, rangi ya bei ya pete,
na ukuta nikajenga juu yake.
Maji hayakubishana.
Yalipita chini.
Na anayesema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge
aje aniambie: mimi sikuvua kitu,
nilishuka kutafuta sufuria za Idi.

Fundi Sajeevan akapima kwa mpini wa ufagio,
akachora mstari ukutani kwa penseli, na tarehe.
Kesho yake mstari mwingine, juu kidogo.
Hivyo hivyo tulimpima Ilham alipokuwa mdogo,
ila yule tulimfurahia.

Bi Ruqaiya, ng'ambo ya ukuta, anaanika ndimu:
“Hapo palikuwa na mkondo wa wadi.
Wakamwaga kifusi, wakauza viwanja.
Hayajaingia kwenu hayo.
Nyie ndio mlioingia kwao.”
Akarudi kwenye ndimu zake.

Basi tukachimba shimo pembeni, la kina cha mkono,
tukalitia pampu na boya.
Boya likipanda, pampu inaamka.

Juu, lori la maji matamu linapiga honi getini,
nalipa riali yajazwe tangini.
Chini, nalipa umeme yatoke.
Nyumba moja, kiu na gharika,
na mita mbili zinazohesabu.

Ya shimoni tunayavuta kwa mpira
hadi kwa mtende wa Bi Ruqaiya.
Mtende haujali chumvi.
Mwaka huu, anasema, umezaa kwa fujo,
na hajaniletea hata kochi moja.

Usiku naisikia: inaamka, inakohoa, inanyamaza.
Khalfani hata hageuki.
Mimi nahesabu mpaka inyamaze tena.

Sufuria zimehamia juu ya kabati.
Godoro tumelitupa.
Ngazi nzima nimeipaka rangi upya
isipokuwa kidato cha mwisho.
Hicho nimemwachia.