Kopo la Biskuti

Ndani yake palikuwa na hati ya shamba,
picha ya harusi yetu, na meno mawili ya Kolab
yaliyong'oka akiwa darasa la kwanza.
Sasa kuna nakala. Hati yenyewe inalala benki,
mjini Battambang, penye kiyoyozi.
Sisi tunalala na joto letu.

Siwezi kusema mkopo ulikuwa mbaya.
Mwaka ule wa kwanza pampu ilikohoa, ikatema maji,
na mpunga wa kiangazi ukasimama kijani
pale ambapo baba yangu alivuna vumbi.
Vuthea akaezeka bati.
Hata mama mkwe alinisifu, mara moja, akiwa na homa.

Kisha mafuriko. Kisha bei ya muhogo mpakani
ikaporomoka kabla hatujaukausha.
Kijana wa mikopo alikuja na pikipiki, mpole,
shati limepigwa pasi, akaniita mama,
akanywa maji yetu, akafungua daftari.

Dawa ya deni kulipa, ndiyo.
Dawa hiyo tuliinunua kwa deni jingine,
kwa Bi Sophal wa duka la mbolea,
asiyetaka hati wala dole gumba,
anayetaka tu asilimia kumi kila mwezi
na salamu.

Kolab yuko Thailand, anabeba matofali.
Pesa yake hufika tarehe nane,
tarehe tisa haipo.
Juzi kauliza kwenye simu:
"Mama, meno yangu bado unayo?"
Nikalitikisa kopo
asikie.