Mwasumini wa Langoni

Majani yaliingia umanjano,
mishipa tu ikabaki kijani,
kama ramani ya vichochoro vya mtaa.
Nikasema: hili jicho la Bi Rukia,
aliyeusifu juzi bila ya mashallah.
Nikafukiza ubani.
Nikamnunia wiki mbili, hata ukumbini kwa arusi.

Kumbe fundi Famau, alipomaliza kupaka ukuta,
aliosha ndoo zake za chokaa
papa hapa, shinani,
na mti wangu ukawa unakunywa ukuta.

Leo nimefukia misumari yenye kutu
ya mlango wa marehemu babu.
Jani jipya limechungulia,
halijaamua rangi.

Maua matatu yamefunguka hata hivyo.
Nimeyatia kwenye kikuba, pamoja na rehani,
nampelekea Bi Rukia.
Salamu sijui nitaianzia wapi.