Mkebe wa Ghorofa ya Pili

Ulikuwa mkebe wa biskuti. Niliutoboa mdomo kwa bisibisi,
nikautundika ukutani karibu na mlango wa maktaba,
nikaandika juu yake: Sema. Usiweke jina.
Mkuu wa shule aliutazama kama mtu atazamavyo mwavuli
huku Punta Arenas, ambako upepo
huula mwavuli kabla mvua haijashuka.

Wiki ya kwanza: ganda la chungwa,
bazoka iliyotafunwa ikaisha utamu,
na karatasi iliyosema wali wa kantini una mchanga.
Hiyo niliisoma mara mbili. Ilikuwa na haki yake.

Wiki ya tatu, mwezi Juni,
jua linachomoza saa nne kasoro, limejikunyata kama mdeni,
nikakuta kipande cha daftari la hesabu, kile cha miraba.
Herufi kubwa, zimelalia ubavu,
kama za mkono usiozoea kalamu:

MTAZAMENI ELISEO MANSILLA.
CHOO CHA CHINI. BAADA YA MAZOEZI.
WANATUPA KOTI LAKE THELUJINI, WANAMTUMA ALILETE.
SI MCHEZO.

Hayo ya mwisho yalipigiwa mstari mpaka karatasi ikachanika.

Sikumwita Eliseo. Mtoto ukimwita ofisini
umelipigia jina lake kengele.
Nilichukua ndoo, nikasingizia bomba linavuja,
siku nne mfululizo, mimi mkutubi,
napangusa sakafu iliyokwisha kukauka.

Siku ya tano mlango ulisukumwa kwa kisigino.
Waliingia watatu na kicheko chao,
Eliseo katikati, shati limelowa,
midomo rangi ya zambarau.
Waliponiona, kicheko kiliwafia mdomoni.

Wa tatu, aliyeshika mlango usijifunge,
alikuwa Danko Vrsalovic,
anayeazima kwangu vitabu vya nyangumi
tangu enzi za meno ya utoto.
Mkono wa kulia ulikuwa safi.
Wa kushoto ulikuwa na wino hadi kwenye kifundo.

Aliona nimeona.

Mkuu akauliza: Nani aliandika? Tumpe cheti.
Nikasema mkebe hauna macho.
Danko alipata adhabu sawa na wenzake,
wiki mbili nyumbani, na barua kwa baba yake,
mtu ambaye barua kama hizo huzijibu kwa mkanda.
Hakujitetea. Nami sikumtetea,
kwa kuwa ahadi ile ukutani niliiandika mwenyewe,
na mpaka leo imenikwama kooni
kama mwiba wa samaki: haumezeki, hautemeki.

Karatasi ile nimeificha ndani ya kitabu cha nyangumi,
ukurasa wa mia na nne. Hajakiazima tena.

Oktoba, upepo ulipochachamaa,
manispaa ilifunga kamba njiani watu wajishikie.
Niliwaona wawili hao kwenye kamba moja,
Eliseo mbele, koti limefungwa hadi kidevuni,
Danko nyuma, hatua tatu hivi.
Hawakusemezana. Kamba ilitetema
kutoka mkono hadi mkono.

Jana nimefungua mkebe.
Miraba ile ile, herufi zile zile zilizolalia ubavu:
WALI BADO UNA MCHANGA.

Nimeshuka nayo jikoni mwenyewe,
nikasimama pale hadi mpishi alipouchekecha.