Chaki Juu ya Jiwe

Ijumaa nilitoka shuleni na boksi zima la chaki,
mali ya darasa la sita, Mungu anisamehe,
nikalifunga kwa mpira nyuma ya kiti
nikaenda kuichora njia ya mashindano.

Kule Konde mambo yalikuwa mepesi.
Udongo mwekundu, kila mshale unaonekana:
kwenye gogo la mkarafuu, kata kushoto;
kwenye ukuta wa Bi Raya, punguza mwendo,
karafuu zake zimeanikwa hadi katikati ya njia
na mwenyewe hana masihara na magurudumu.
Kisha mteremko. Nikaachia breki.
Baiskeli yangu ina gia ishirini na moja, zinazoshika tatu,
lakini mteremko hauulizi gia,
unauliza tu kama umeyabana meno.

Halafu wekundu ukakatika
kama nguo iliyochanwa kwa mkono.
Uwanda.
Jiwe jeupe mpaka linakukunja uso,
jiwe lenye visu,
muhogo mmoja mmoja ndani ya tundu la mwamba,
mtama kwenye kishamba kisichozidi upande wa kanga,
na ng'ombe wa mtu akinitazama
kama mkaguzi wa elimu.

Nikachora mshale. Hakuna mshale.
Nikakandamiza. Chaki ikavunjika, unga ukamwagika,
jiwe likawa vilevile.
Miaka kumi na mmoja nafundisha jiografia:
chaki ni chokaa, chokaa ni jiwe,
na jiwe hili lilikuwa bahari.
Watoto wamenijibu hivyo, nimewatia vema.
Mimi mwenyewe sikuwa nimesikia.

Boksi likaisha.
Gurudumu la mbele likatoboka, likatoa pumzi ndefu
kama lililokuwa likisubiri ruhusa.
Nikasukuma hadi nyumbani gizani,
nikiwaza watoto kumi na wawili waliopotea maweni
na mwalimu mkuu akiniuliza kwa upole,
ule upole wake.

Jumamosi ikanya mvua ya dakika saba,
ikafuta hata mishale ya Konde.
Walikwisha ondoka.
Baiskeli za kuazima, za baba, za kaka aliye Unguja,
moja haina kiti, kafungiwa gunia;
na mbele yao Sikujua binti Mbwana,
madumu mawili matupu kwenye keria,
maana baba kasema kamba zile zisifunguliwe.

Nikawafuata na kiraka changu kibichi.
Wekundu ulipokatika nilingoja nione wakisita.
Hakuna aliyesita.
Madumu yakagonga, yakapinda kulia
mahali ambapo mimi sikuchora kitu,
na wote kumi na mmoja wakapinda nyuma yake.
Hapo ndipo nikaiona:
mfereji mwembamba juu ya mwamba, upana wa tairi,
umelainika kama mpini wa jembe la zamani.
Jana niliukanyaga mara nne
nikitafuta pa kuchora.

Shumba niliwakuta wamekaa wanakula mbaazi.
"Sikujua, umeijuaje njia?"
Akanitazama kwa huruma kidogo.
"Si ya maji hii, mwalimu?"

Zawadi ilikuwa mkebe wa jometri, mpya, na bikari yake.
Akaupokea kwa mikono miwili, akashukuru,
akakaa kimya, kisha akauliza chinichini
kama badala yake ingewezekana kupata pampu.

Pampu ninayo moja tu.
Nilipokuwa bado natafuta sababu
alikwisha geuza usukani, kisima kiko njiani
na maji ya leo bado hayajatekwa.
Madumu yakaanza tena kugonga, yakififia juu ya weupe.
Nami huku nyuma, kiraka kimeachia,
nasukuma, pampu mkobani,
nikiufuata ule mfereji kwa macho, taratibu,
kama mtu anayejifunza kusoma.