Deni la Miaka Kumi na Moja

Kutoka mlango wa maktaba hadi maabara ya udongo
ni hatua mia moja na kumi na nne.
Nilizihesabu siku ile, jua la saa saba likinila utosi,
maana barua zangu tatu zilizotangulia
ziliishia njiani, kwa masijala pengine,
pengine chini ya chupa ya chai.

Nilikwenda kudai kitabu.
Alikiazima Dakta Chinduli wa Idara ya Kilimo,
siku kumi na nne tu, tafadhali,
nazo siku zikazaa miaka,
miaka ikakaribia kupata wajukuu.
Hasira yangu nilikuwa nimeipiga pasi,
nimeikunja vizuri pamoja na hesabu ya faini.

Kilikuwa chini ya hadubini. Kimeegemeza mguu mbovu wa meza.
Kimevimba kama andazi lililosahauliwa kwenye mafuta.
"Samahani," akasema, na hakuonekana kusikitika.

Nikakifungua.
Kila kurasa kadhaa, jani la mkorosho lililolazwa:
jani la Tandahimba, jani la Nanyamba,
jani lenye unga mweupe kana kwamba limetoka kusaga.
Utomvu umechora ramani za kahawia juu ya maneno ya watu.
Na pembeni, kwa penseli, mwandiko wa mtu aliyeandika akiwa amesimama:
*Salfa ilichelewa.*
*Mwenye shamba ana jina la wadudu hawa kwa Kimakonde,
nimelisikia, nimeshindwa kuliandika.*

Nilitaka kusema: umeharibu mali ya chuo.
Mdomo ulikuwa tayari.
Kisha, ukurasa wa mia mbili na tatu:

*Fatu Nambole, Kitangari. Mikorosho sita. Mnyauko.
Anauliza kama kuna la kufanya.*

Mama yangu mdogo.
Ile sita baadaye ikawa ishirini na tisa,
na binamu yangu akaacha shule mwaka huo,
akaenda kubeba mifuko ya saruji.

Nitawaambia kilichonikalisha kwenye kigoda cha maabara.
La kufanya lilikuwepo.
Ripoti nyembamba, jalada la kijani, rafu ya nne kutoka dirishani:
ng'oa mti uliougua, choma mizizi,
jembe lile lile usilipeleke kwenye mti mzima.
Niliigonga muhuri mwenyewe.
Nilikuwa naipangusa vumbi kila Ijumaa.
Hakuna aliyewahi kuiazima.

Jibu likikaa kwangu, limenyamaza kama lilivyoagizwa na kibao ukutani.
Swali likikaa kwake, limebanwa na mguu wa meza.
Katikati, hatua mia moja na kumi na nne,
na nyasi ambazo hata mbuzi wa jirani walizikatiza
mara nyingi kuliko sisi.

Sitasema mambo yalinyooka.
Tuligombana mwezi mzima nani alipie umeme wa kabati la kukaushia.
Mkuu wa Kompyuta alitoa vijana wawili wa kupiga picha majani,
akamtaka mmoja arudi kabla ya mitihani.
Mwalimu Nantepa wa Lugha alikuja na daftari lake la majina,
akakosoa tahajia ya kila mtu, hadi ya kibao cha mlangoni.
Nami nikahamishia rafu moja maabara,
usiku nikaota inaungua.

Kitabu nilikipa namba mpya.
Hakikuharibika. Kilikuwa kazini.
Faini, hata hivyo, Chinduli alilipa. Yote.

Mwezi wa saba Mama Fatu alishuka kutoka Kitangari,
jani moja ndani ya khanga, limefungwa kama fedha.
Alinawa mikono kabla hajagusa kitu.
Nikalipima, nikaliandika jina lake na la shamba,
nikampa karatasi yenye namba na muhuri.
Akaigeuza huku na huku,
mtu aliyezoea stakabadhi za ghalani.

"Haya," akasema. "Na malipo yanatoka lini?"

Akacheka yeye. Mimi nilikuwa natazama nje,
pale kwenye nyasi,
ambapo njia nyembamba imeanza kuonekana.